Jero ya Mwenye Hisa 97

Mwenye hisa 97 alihesabu noti za bahasha yake, akazipanga, akazihesabu tena huku midomo ikimcheza, kisha akamgeukia jirani yake mwenye hisa 95 akaomba aone na za kwake. Mtu mwenye akili zake, kama ndiye aliyeandika programu iliyopanga bahasha hizo, angeaga palepale. Kijana hakuaga. Alikuwa amekaa kwenye kona ya baraza, laptopu mapajani, uso umemkunjuka, anasubiri kushukuriwa.

"Fundi," mama akaita. "Hebu sogea hapa, mwanangu. Hii kompyuta yako imesomea wapi?"

Ilikuwa Jumapili ya kuvunja kikoba, Mbagala, na wanachama wote walikuwepo, maana siku ya kugawana hakuna anayeuguliwa wala anayesafiri. Hisa moja ilinunuliwa kwa shilingi 5,000. Ukijumlisha riba za mikopo na faini za wachelewaji, kila hisa ilikuwa imefika 6,500. Hesabu yake haihitaji chuo. Hisa 97 mara 6,500 ni 630,500. Ndani ya bahasha mlikuwa na 630,000. Hisa 95 mara 6,500 ni 617,500. Ndani ya bahasha ya jirani mlikuwa na 618,000. Yaani aliyeweka zaidi kapunjwa jero, aliyeweka pungufu kaongezwa jero, na yote mawili yamefanywa na mashine ileile, siku ileile, mbele ya mashahidi.

Bahasha zote zikafunguliwa upya. Mwenye hisa 93 alikuta 604,000 badala ya 604,500. Mwenye hisa 99 alikuta 644,000 badala ya 643,500, akanyamaza kimya cha mtu aliyekwishahukumiwa. Wale ambao hisa zao zinagawanyika kwa mbili walikuwa na haki yao kamili. Waliobaki, mmoja kapata, mmoja kakosa, mmoja kapata, mmoja kakosa. Na kwa bahati mbaya iliyopitiliza, Shangazi, ambaye ni mwenyekiti na ndiye aliyemleta kijana kikaoni, alikuwa miongoni mwa walioongezwa.

"Ahaa," alisema mmoja wa waliokaa nyuma. Hakuongeza kitu. Hakukuwa na haja.

Jero siku hizi haifikishi mtu popote kwa daladala, na msomaji anaweza kujiuliza kelele zote hizi za nini. Huyo hajawahi kuona sanduku la kikoba. Mtindo wa wanawake kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko ulianza kuenezwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, ukazunguka Afrika, na hapa kwetu ndugu yake anaitwa VICOBA. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vya namna hii vinatakiwa kusajiliwa. Lakini uzuri wake hauko kwenye sheria, uko kwenye sanduku. Lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, na anayelala na sanduku chumbani hana ufunguo hata mmoja. Kabla halijafunguliwa, wanachama huulizwa salio la kikao kilichopita, na hulitaja kwa kichwa. Kisha fedha zinahesabiwa kwa sauti, noti baada ya noti, kila sikio linasikia. Wataalamu wa usalama wa mitandao hulipwa vizuri kwenda kufundisha mambo mawili tu: mamlaka yasikae mikononi mwa mtu mmoja, na kumbukumbu zisitunzwe mahali pamoja. Wanawake wa Mbagala wanayafanya yote mawili wakiwa wamekaa kwenye mkeka.

Katika mfumo huo usiokuwa na pengo, kijana aliongeza mstari mmoja: round(gawio, -3).

Maana yake ni kwamba kompyuta ichukue gawio la kila mtu na kulikadiria hadi elfu iliyo karibu. Hakuna aliyemwomba. Miaka yote Mama Katibu amekuwa akija siku ya kuvunja na kifuko cha jero alizozitafuta wiki nzima, kinalia mkobani, na kila mwenye nusu ya elfu anapewa nusu ya elfu yake. Kijana alikitazama kile kifuko akaona tatizo. Ni maradhi ya kila anayejifunza kuandika programu: huanza na suluhisho, kisha huzunguka mtaa mzima anatafuta pa kulibandika, na anayekutwa na kifuko cha sarafu ndiye mgonjwa.

Asidhaniwe kwamba hakufanya majaribio. Alifanya. Alijumlisha magawio yote yaliyotoka kwenye programu na jumla ikalingana na fedha za sandukuni, shilingi kwa shilingi. Alifurahi sana, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza, kwa sababu jumla ilikuwa sahihi kabisa. Walioongezwa na waliopunjwa walikuwa idadi sawa. Programu ilikuwa imechota kwa huyu ikamimina kwa yule, na mahesabu yakafunga.

Sasa, kwa nini?

Shule ya msingi ilitufundisha kwamba 5 na kuendelea inapanda. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili, na hakuna aliyerudi nyuma kuuliza kwa nini 5, iliyo katikati kabisa, isiyo karibu na juu wala na chini, ipendelewe kupanda kila siku. Kuna watu waliouliza. Profesa William Kahan, mzaliwa wa Toronto aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa nguzo kuu ya kanuni za namba za kompyuta zilizopitishwa mwaka 1985 kwa jina la IEEE 754; mwaka 1989 alipewa Tuzo ya Turing kwa kazi yake hiyo ya namba. Kanuni hizo zinasema hivi: namba ikiwa katikati kabisa, isipande siku zote, bali iende kwenye namba shufwa iliyo jirani. Kwa hiyo 617.5 inakwenda 618, ambayo ni shufwa. Na 630.5 inarudi 630, ambayo nayo ni shufwa. Nusu moja inapanda, nusu nyingine inashuka, na ukiwa na namba maelfu kwa maelfu, makosa yanafutana yenyewe.

Ukizipandisha zote, fedha zinaota miguu. Chukua kikoba hichohicho: wenye hisa witiri wakiwa 14, na kila mmoja apewe jero isiyokuwepo, sanduku litapungukiwa 7,000, na wenye funguo watatu watatazamana. Ukizishusha zote, yanatokea ya Vancouver. Soko la hisa la mji huo wa Kanada lilianzisha kipimo chake Januari 1982 kikiwa 1,000. Kompyuta ilikuwa inakikokotoa upya maelfu ya mara kwa siku, na kila mara, badala ya kukadiria, ilikata tarakimu zilizozidi baada ya desimali ya tatu ikazitupa. Tarakimu hizo ni ndogo kuliko chochote anachoweza kukijali mtu mzima. Ilipofika Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimedidimia hadi 524 na pointi kadhaa, na watu wenye suti walikuwa wakieleza kwa umakini mkubwa kwa nini soko limelala. Soko halikuwa limelala. Kipimo kiliporekebishwa, wiki ilianza na 1,098. Karibu miaka miwili ya maelezo ya kitaalamu, kumbe ni mkasi tu.

Kijana aliyajua haya usiku uleule wa Jumapili, akiwa amelala kifudifudi, anasoma nyaraka za Python, lugha aliyoandikia ile programu, ambazo mchana asingezisoma hata kwa kulipwa. Aligundua kwamba Python ya zamani ilikadiria kama mwalimu wa darasa la nne, na kwamba toleo la 3 la mwaka 2008 ndilo lililohamia kwenye shufwa. Aligundua kwamba moduli iitwayo decimal ina namna 8 za kukadiria. Nane! Moja inapandisha, moja inashusha, moja inasogea kuelekea sifuri, nyingine inaikimbia sifuri, na kuna moja ambayo inaanza kujisumbua pale tu tarakimu ya mwisho inapokuwa 0 au 5. Mtu mmoja mahali fulani alikaa akaihitaji. Ilikuwa saa 8 usiku na kijana alikuwa anacheka peke yake gizani, Shangazi anagonga ukuta.

Lakini hakuna profesa anayeweza kusimama barazani Mbagala na kanuni hiyo. Haki ya Kahan ni haki ya wengi: namba milioni zikipita, hakuna upande ulioonewa. Mwenye hisa 97 si milioni. Ni mmoja, anavunja kikoba mara moja kwa mwaka, na amekaa bega kwa bega na mwenye hisa 95. Kumwambia kwamba kwa wastani hajapunjwa ni kumtukana mara ya pili. Mchana ule, kabla hajamjua Kahan, kijana alikuwa amejaribu kidogo, akafika kwenye neno "wastani", akaambiwa akae chini.

Kikao kikaamua. Walioongezwa wakarudisha, Shangazi akiwa wa kwanza na kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mtoto akatumwa kwa Mangi kutafuta chenji. Kijana akatozwa faini ya 1,000 ingawa si mwanachama, na kwenye kaunta buku, mahali pa jina la mkosaji, Mama Katibu akaandika "kompyuta".

Cha ajabu ni kwamba kijana hakuacha kuandika programu. Kabla ya hapo aliacha kila kitu. Programu ya orodha ya mambo ya kufanya, ambayo kila mwanafunzi wa fani hii duniani hulazimishwa kuiandika, aliitelekeza katikati. Jambo la kwanza kwenye orodha hiyo lilikuwa kumaliza programu ya orodha. Mchezo wa kubahatisha namba aliuacha alipoushinda. Programu ya hali ya hewa ilimwambia kuna joto Dar es Salaam, akaridhika.

Na hayuko peke yake. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science takwimu za kozi za mtandaoni za Harvard na MIT: katika mwaka wa masomo 2017–18, wanafunzi waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya wote walioshiriki. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Kikoba chochote kingewapa matokeo hayo bila utafiti. Mtu asiyetoa hisa haji kikaoni, na asiyetozwa faini anakuja saa anayotaka.

Ushauri unaotolewa kwa wanaojifunza ni kwamba wajitafutie miradi midogo ya kwao, ili moyo usipoe. Ushauri huo ni sahihi, ila hausemi kwamba mradi mdogo wa kweli una mwenyewe, na mwenyewe anajua unapoishi. Kilichomrudisha kijana kwenye kompyuta usiku ule hakikuwa kiu ya elimu. Ilikuwa ni kwamba mwenye hisa 97 anauza vitumbua kwenye njia ya kwenda kituoni, na hakuna njia nyingine.

Badala yake wanafunzi husimuliwa hadithi tamu. Wanaambiwa Python yenyewe ilikuwa kazi ya kupitisha muda: Desemba 1989, Guido van Rossum yuko Amsterdam, ofisi imefungwa kwa Krismasi, anatafuta cha kumshughulisha, anaanza lugha mpya na kuipa jina la kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Ni kweli. Wanaambiwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991 alitangaza mfumo wake kama jambo la kujifurahisha tu, na leo kiini chake, Linux, kimo ndani ya kila simu ya Android iliyokuwa mikobani siku ile ya kugawana. Ni kweli pia. Kinachorukwa ni kwamba van Rossum alikuwa amekwishafanya kazi kwa miaka kwenye lugha nyingine iitwayo ABC, katika taasisi ya utafiti inayomlipa mshahara. Likizo ya wiki moja huzaa vitu vikubwa kwa mtu aliyeajiriwa kuvitafakari mwaka mzima, na ambaye umeme wa nyumbani kwake haukatiki kabla hajahifadhi kazi.

Hapo kicheko kinapungua kidogo. Kijana huyu anajifunzia kwenye laptopu ya duka la kutoa kopi, baada ya kufunga, kwa bando analonunua mwenyewe, na bando huisha mwalimu wa kwenye video akiwa bado anawasalimia watu na kuwaomba wabonyeze kengele. Zoezi moja la kozi ya bure kutoka Marekani lilimtaka aandike programu ya kurudisha chenji kwa sarafu za senti 25, 10, 5 na 1. Alilifanya. Leo anazijua sarafu za nchi ambayo viza yake hajawahi kuiota, moja baada ya nyingine, na hakuna somo hata moja lililowahi kumtajia jero. Si kosa la waliotunga zoezi. Waliandika wanachokiona mfukoni mwao. Lakini ukijifunza miaka kwa mifano ya watu wengine, unaanza kudhani vya kwenu ni matatizo ya kuondolewa, na unakitazama kifuko cha Mama Katibu kwa dharau.

Alipotaka kikoba kipokee michango kwa simu moja kwa moja, kampuni ya simu ilimtaka alete leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na barua yenye mhuri wa kampuni. Alieleza kwamba hana kampuni, ana shangazi. Dada wa huduma kwa wateja alimuuliza: kuna kingine naweza kukusaidia?

Basi akarudi kwa Mama Katibu, akaamkia, akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: kitu gani hasa kinakusumbua? Hakikuwa kifuko. Kilikuwa ni kujua kabla ya siku ya kuvunja zinahitajika noti ngapi za 10,000, ngapi za 5,000, za 2,000, za 1,000, na jero ngapi, ili zisiishie njiani wakati watu sita hawajapewa. Lile zoezi la senti za Marekani lilikuwa kazi hiyohiyo, limevaa nguo nyingine. Kijana alibadilisha namba nne zikawa tano, akafuta ule mstari wa kukadiria, na mashine ikatoa orodha: kwa mwenye hisa 97, wekundu 63 na jero moja. Mama Katibu aliikagua kwa kalamu kuanzia juu hadi chini kabla ya kusema ahsante, na hata hapo aliisema kwa kupima.

Mengine yaliyofuata hayana uzito huo. Programu ya kupanga wanachama kwa alfabeti iliwaweka wote kwenye herufi M, kwa sababu kila mmoja kaandikwa Mama. Ya kukumbusha kikao cha saa 9 alasiri iliielewa 9 kwa saa ya Kizungu, ikawatoa wanawake mbio sokoni saa 3 asubuhi. Ya kukisia siku ambayo umeme wa LUKU utaisha ilikuwa sahihi mpaka Shangazi aliponunua friji.

Ya karibuni kabisa inawakumbusha wenye mikopo. Ilitakiwa ijaribiwe kwa namba ya kijana mwenyewe kwanza, lakini ikaanza kazi usiku, ikasoma orodha kwa mpangilio wa kiasi kinachodaiwa, na saa 11 alfajiri simu ya mwenyekiti wa kikundi ikalia chumba cha pili: Ndugu mdaiwa, marejesho yako yamechelewa, tafadhali lipa pamoja na faini. Shangazi alitoka na daftari, kalamu na miwani, akakaa mezani, akapiga hesabu ya riba wiki kwa wiki, kisha ya faini, bila kumtazama mtu. Zote zilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Akalipa. Kisha akamuuliza mpwa wake anahama lini.